Ngazi ya Pili Kutoka Chini

Jumanne, tarehe ishirini Mei, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, manyunyu yakiwa yameanza upya baada ya kujifanya yamekoma, gari jeusi lilisimama mbele ya duka la keki la Ratili. Akateremka mtu ambaye Ratili hakuwa amemwona uso kwa uso kwa miaka thelathini na mmoja.

Ratili alikuwa anapima mayai. Hakuyahesabu; aliyapima pamoja na maganda yake, kwenye mizani ya chuma yenye sahani mbili, kwa kuwa kwake yeye yai moja halikuwa kipimo cha kitu chochote. Uzito wa mayai ndio uliompa uzito wa siagi, wa sukari na wa unga: sawasawa, pasipo kupungua wala kuzidi. Jina lake, la kipimo cha zamani cha uzito, lilitoka huko huko kwenye mizani. Alipewa na wavulana wa shule ya bweni, alikokuwa mwokaji mkuu kwa miaka kumi na tisa. Mvulana aliyelalamika kwamba kipande chake cha mkate kimepunjwa aliitwa mbele, kipande kikawekwa sahani moja na cha mwenzake sahani ya pili, na bwalo zima likanyamaza kutazama mshale. Hakuna aliyewahi kushinda kesi hiyo. Jina likamganda, hata marehemu mkewe akawa hamwiti vingine.

"Shikamoo, mzee wangu," mgeni alisema, akitabasamu meno yote.

Ratili alimaliza kulipima yai lililokuwa mkononi. "Marahaba. Futa miguu."

Aliyerudi kizingitini kufuta miguu alikuwa mkurugenzi sasa, mwenye kitambi cha heshima na miwani ya fremu ya dhahabu. Lakini Ratili alimwona kwa jina lake la zamani: Kiranja wa Bwalo, kijana mwembamba aliyetembea na ufunguo wa stoo ya chakula shingoni, kwenye kamba ya kiatu.

"Namwoza binti yangu," Kiranja alisema. "Tarehe kumi na nne Juni. Watu mia mbili na hamsini."

"Hongera."

"Mama wa bwana harusi amewahi kuonja keki yako. Kanitamkia wazi, ni ya Ratili au hakuna keki. Unaona umaarufu wako, mzee? Sasa nataka ngazi tano, ziende juu hadi watu wavunje shingo." Kisha akashusha sauti, akaegemea kaunta. "Ila tuelewane kiutu uzima. Ngazi moja ndiyo iwe keki. Hizo nne weka lile povu gumu, jeupe, linalofungiwa televisheni kwenye maboksi. Ukishalifunika na sukari yako nani atajua? Watu watakula zile keki ndogo za vikombe. Siku hizi wote wanafanya hivyo."

"Basi nenda kwa hao wote."

Kwenye meza ya nyuma, binti wa Ratili alicheka bila kuinua kichwa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mama wa watoto wawili, mwenye mikono laini kuliko ulimi wake. Yeye ndiye aliyefinyanga maua ya sukari, petali moja moja, nyembamba hadi kidole kikaonekana upande wa pili. "Baba, mteja anataka keki ya kutazama," alisema. "Tumchoree ukutani, tumalize."

"Sijawahi kufunika povu," Ratili alisema. "Ngazi tano nitakuokea, tano za kweli, au mbili, au moja. Kinachosimama kama keki kwenye meza yangu ni keki."

Kiranja alitazama saa yake, akavuta pumzi ya mtu aliyezoea kukubaliwa, akageuka kwenda mlangoni. Mkono wake ulikuwa tayari umeshika kitasa aliposema, akiwa bado amewapa kisogo:

"Mwalimu Mkuu atakuwepo."

Ratili aliliweka chini yai alilokuwa amelishika. "Yu hai?"

"Ana miaka themanini na minane. Sikio moja limekwisha, jingine lina mashine. Na wenzangu wa mwaka wetu watakuja wote, meza nne nzima." Kiranja aligeuka. Tabasamu lilikuwa limeondoka, na bila tabasamu alifanana zaidi na yule kijana. "Mzee, deni unalonidai nalijua. Siku hiyo nitasimama kabla keki haijakatwa, nishike kipaza sauti, niseme mbele yao wote. Ile habari ya sukari."

Habari ya sukari ilikuwa fupi. Wiki tatu kabla ya mtihani wa mwisho, magunia mawili ya sukari yalitoweka stoo. Ratili alikuwa ameyaona yakipita juu ya ua wa shule alfajiri, na aliyeyasukuma alikuwa Kiranja wa Bwalo mwenyewe. Saa moja baadaye kijana alipiga magoti kwenye unga, chini ya meza ya kukandia, akalia hadi akapaliwa: baba yake amekufa Januari, mama yake ameuza mpaka kitanda, akifukuzwa leo basi wadogo zake wanne wamekwisha. Mwalimu Mkuu alipokuja na kuuliza ufunguo ulikuwa kwa nani usiku ule, Ratili, ambaye hakuwahi kusema uwongo hata kwa gramu moja, alijibu, "Ulikuwa kwangu." Hakuongeza neno. Jioni alikuwa nje ya lango na sanduku lake la bati, miaka kumi na tisa ikiwa imefutwa kwa mstari mmoja wa wino mwekundu. Tangu hapo, kila mahali wanafunzi wa zamani wa shule ile walipokutana, hadithi ilisimuliwa kwa vicheko: Ratili, mpima mikate, aliyekula kilo mia za sukari.

"Utasema?" Ratili aliuliza.

"Kabla ya kisu. Naapa kwa huyo binti ninayemwoza."

Mvua ilizidi kidogo juu ya bati. Ratili aliitazama mizani yake muda mrefu, kama mtu anayesubiri mshale utulie.

"Ngazi ya pili kutoka chini itakuwa keki ya kweli," alisema hatimaye. "Mawaridi yote yatakuwa meupe. Pale kisu kinapoingia nitaweka moja la rangi ya chungwa. Mwambie mkweo akate chini ya waridi la chungwa, asikate pengine popote. Umenisikia?"

"Nitamwambia."

"Umwambie wewe. Mimi simjui."

"Mzee wangu, nimeshasema nitamwambia."

Gari lilipoondoka, binti aliinuka, akapangusa mikono kwa aproni.

"Baba, umemuuzia nini yule?"

"Sijauza kitu."

"Povu! Wewe! Mwaka jana ulimfukuza bwana mzima kwa kuuliza kama tunaweka majarini."

"Mama," alisema Ratili, kwa sauti aliyomwitia tangu akiwa mtoto anapotaka mjadala uishe, "Mwalimu Mkuu ana sikio moja tu lililobaki."

 Binti alikua na hadithi ya sukari. Shuleni aliipigania kwa ngumi. Alirudi kwenye petali zake. "Haya," alisema. "Ila huyo bwana ana meno mengi mno."

*

Walioka Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi. Ngazi ya kweli ilitengenezwa jinsi Ratili alivyotengeneza keki maisha yake yote: siagi ikapigwa na sukari mpaka rangi ikapauka na punje zikaacha kusikika chini ya mwiko, mayai yakaingia moja baada ya jingine, unga ukachekechwa mara tatu na kukunjwa taratibu kwa mkono uliofunguka kama wa mtu anayebembeleza. Keki za vikombe zilikuwa mia mbili na hamsini, na kila kikombe cha karatasi kilipanda mizani: gramu hamsini na tano za rojo.

"Baba, hakuna mgeni atakayekuja na mizani mfukoni," binti alisema walipofika kikombe cha mia na tisini.

"Kwa hiyo tumwibie?"

"Gramu mbili!"

"Mwizi wa gramu mbili anaitwaje?"

Binti alicheka kwa kuchoka, akarudisha kijiko kwenye bakuli.

Ijumaa walipamba. Sukari laini ilikandwa ikawa donge, donge likasukumwa likawa shuka jeupe, jororo, lisilo na kipovu cha hewa. Ratili aliifunika ngazi ya kweli kwanza, akailainisha kwa kiganja hadi ikang'aa. Kisha akaileta mezani miviringo minne ya povu. Binti alinyoosha mkono kumsaidia.

"Acha. Hii naifanya mwenyewe."

Povu lilipiga kelele chini ya vidole vyake, ule mlio mkavu unaosisimua meno. Lilikuwa jepesi mno. Pumzi tu ilitosha kulisogeza. Alilipaka maji ya sukari ili lishike, akalitandikia shuka, akalibana kingo, akalikata masalio, na kila ngazi ilipokamilika alirudi hatua moja akaitazama. Hakuna jicho ambalo lingetofautisha. Hilo ndilo lililomchoma. Miaka hamsini aliyojifunza kuufanya mkono wake usidanganye, kumbe mkono huo huo ulijua kudanganya vizuri vilevile.

Walipozipandisha ngazi tano juu ya vijiti, binti akapanda mawaridi kuanzia kileleni hadi chini kama maji yanayoporomoka, meupe yote. Juu ya keki za vikombe alichora kwa mfuko wa kupambia vifundo vidogo vya siagi na sukari, kila kimoja kikifungwa kwa ncha. La mwisho lilikuwa waridi la rangi ya chungwa. Ratili alilichukua kwa kibano, akalibandika mwenyewe kwenye ngazi ya pili kutoka chini, upande wa mbele kabisa. Hata mtu wa kupita angeliona.

*

Jumamosi dereva wa gari la mizigo aliinua ngazi za juu kwa mkono mmoja, akashtuka. "Mzee, keki hii imefunga saumu, au nini? Haina uzito."

"Iinue kwa mikono miwili," Ratili alisema.

Ukumbi ulikuwa na jiko kwa nyuma, na kati ya jiko na ukumbi mlango wa kusukuma wenye kioo cha duara. Chini ya mlango, sakafuni, ulipita ukanda wa shaba. Ratili alipouona alisimama bila kujua kwamba amesimama. Kwenye bwalo la shule palikuwa na mstari mweupe uliopigwa rangi kati ya jiko na meza, na sheria ya Mwalimu Mkuu ilikuwa moja: mtu wa jikoni havuki mstari wanafunzi wakiwa wamekaa, mpaka aitwe. Ratili hakuwahi kuuvuka pasipo kuitwa, hata siku sufuria la chai lilipopinduka kwenye meza ya kwanza; alisimama mstarini na matambara mkononi mpaka alipoitwa, na Mwalimu Mkuu alimsifu kwa hilo mbele ya shule nzima.

Asubuhi, kabla ya wageni, alivuka mara nyingi, akaiweka keki mahali pake, akalielekeza waridi la chungwa upande wa wageni. Lakini watu walipoketi alirudi nyuma ya ukanda wa shaba, akavaa koti jeupe alilopiga pasi mara mbili, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akasimama kwenye kioo.

"Keti basi, baba," binti alisema. "Hotuba bado."

"Nitaitwa wakati wowote."

Kupitia kioo aliwaona. Meza nne za mbele kushoto, wanaume wenye mvi na suti, wakiitana kwa majina ya utotoni, wakigonga vijiko mezani kama enzi zile walipodai chai. Katikati yao, kwenye kiti chenye mito, Mwalimu Mkuu, amekonda kama mwavuli uliofungwa, mkono mmoja umekinga sikio lenye mashine. Ratili aliinyoosha kola yake.

Saa tisa na nusu mshereheshaji alimwita baba wa bibi harusi. Kiranja alisimama, akashukuru wakwe, akashukuru kamati, akamtania mkewe hadi watu wakacheka. Kisha akageukia meza nne.

"Hapa kuna watu waliokula nami mkate mmoja," alisema. "Na kuna jambo, ndugu zangu, ambalo nimelibeba miaka mingi."

Nyuma ya kioo, mkono wa Ratili ulitafuta ukingo wa meza.

 Macho ya Kiranja yalipita meza nne, yakamfikia Mwalimu Mkuu, yakasimama pale, kisha yakaenda kwa wakwe zake: baba wa bwana harusi amekunja mikono, mama wa bwana harusi ameinamisha kichwa kusikiliza vizuri. Alimeza mate. Kipaza sauti kilichukua hata mmezo huo.

"Nalo ni shukrani," alisema. "Shukrani kwa Mwalimu wetu Mkuu, aliyetufundisha kusema kweli. Simameni, tumpigie makofi!"

Wakasimama. Makofi yakajaa ukumbi. Kiranja akaketi, akapangusa miwani.

"Atasema sasa hivi," Ratili alisema. "Alisema kabla ya kisu. Kisu bado."

 Binti alimtazama baba yake kwa namna ambayo hakutaka aione, akageuka kupanga sahani ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Muziki ulipigwa. Bwana na bibi harusi walikwenda kwenye keki, wakashika kisu pamoja, utepe mweupe ukining'inia mpinini. Mpiga picha aliwasogeza kidogo kushoto. "Juu kidogo, bwana harusi, nione nyuso! Hapo hapo, ya katikati!" Na bwana harusi, kijana mtiifu ambaye hakuwa ameambiwa lolote na mtu yeyote, aliinua kisu hadi ngazi ya tatu, shubiri moja juu ya waridi la rangi ya chungwa.

"Hakumwambia," binti alisema. "Baba, hakumwambia! Nenda!"

Hatua zilikuwa kumi, labda kumi na mbili. Mguu wa Ratili ulitoka, ukafika kwenye ukanda wa shaba, ukasimama.

"Baba!"

"Sijaitwa."

Lilikuwa neno la kijinga, na alilijua kuwa la kijinga likiwa bado mdomoni. Lakini mguu ulikuwa na miaka kumi na tisa ndani yake na haukusikia. Ndani ya muda huo mfupi kisu kilishuka.

Mlio ulisikika hadi jikoni, ule mkavu unaosisimua meno. Kisu kilinasa. Bwana harusi alisukuma, akavuta, akasukuma tena. Punje nyeupe zikaruka, zikaganda kwenye mkono wa koti lake jeusi, na kila alipozipangusa zilihamia kwenye mkono mwingine. Muziki ulikatika. Katika ule ukimya mama wa bwana harusi alisema, si kwa sauti kubwa, lakini ilitosha:

"Hii ni keki au boksi la redio?"

Mtu mmoja alicheka, wakafuata kumi. Bibi harusi alikishika kisu kama mtu aliyeokota kitu barabarani, machozi yakaanza kumtoka.

Kiranja aliruka. Alimnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na macho yake yalizunguka ukumbi yakitafuta pa kujificha, hadi yakatua kwenye meza nne.

"Jamani! Jamani, wenzangu wa bweni!" alipaza sauti. "Mnajua nani kaoka keki hii? Ratili! Nilimpa sukari ya ngazi tano, mimi mwenyewe. Sasa ilikokwenda, nyie mnakujua!"

Meza nne zililipuka. Walicheka hadi wakashikana mabega; wakagonga vijiko, ko-ko-ko, wote kwa pamoja. "Kilo mia!" mmoja alipiga kelele. "Bado anazo tumboni!" Wakwe walicheka pia, kwa kuona wenzao wanacheka, na fedheha ikateleza kutoka meza ya wenye harusi hadi nyuma ya mlango wa jiko. Mwalimu Mkuu alimvuta jirani yake, akauliza. Jirani akamwinamia, akamwelezea kwa sauti ya kumpigia mtu aliye ng'ambo ya mto. Mzee alitikisa kichwa polepole, akatabasamu kwa huzuni ya mwalimu.

"Bado tu?" alisema. "Hata uzeeni?"

Hapo ndipo Ratili alipovuka. Hakuitwa. Alisukuma mlango, akapita katikati ya meza, na vijiko vikanyamaza kimoja kimoja kadiri alivyopita. Angeweza kusema. Kipaza sauti kilikuwa karibu kiasi cha kunyoosha mkono, na Kiranja alikishika kwa mkono uliolegea. Lakini Ratili alijua kipimo cha neno lake mle ndani. Miaka thelathini na mmoja iliyopita alikuwa amemwambia mzee yule kwa mdomo wake mwenyewe kwamba ufunguo ulikuwa kwake. Akisema vingine leo, mbele ya povu alilolifunika kwa mikono yake mwenyewe, atakuwa mwizi anayejitetea. Kweli ile ilikuwa na mdomo mmoja tu wa kutokea, na mdomo huo ulikuwa umeshasema.

Alimfikia bibi harusi. Alikichomoa kisu kwenye povu, akakipangusa kwa kitambaa cha bega, akamrudishia mpini.

"Hapa, mwanangu," alisema, akionyesha waridi la rangi ya chungwa. "Chini ya hili. Vuta, usisukume."

Binti wa watu alivuta. Kisu kikaingia bila sauti, na kipande kikatoka na rangi yake ya dhahabu, kimenyooka. Watu wakapiga makofi, wengine kwa dhihaka, wengine kwa kutojua. Bibi harusi alimtazama yule mzee wa koti jeupe kana kwamba anataka kuuliza kitu. Mpiga picha akamwomba mzee asogee, anaziba.

Alipopita meza za kushoto akirudi, Mwalimu Mkuu alimshika mkono wa koti. Vidole vilikuwa vikavu, bila nguvu.

"Ratili. Mimi nilikuamini."

"Najua, Mwalimu," Ratili alisema.

Akavuka ukanda wa shaba, akaanza kupakia keki za vikombe kwenye sinia. Zote mia mbili na hamsini zilikwenda mezani. Zikaliwa zote, na binti alisikia mtu wa zile meza nne akiuliza kama anaweza kupata ya pili.

*

Jumatatu, tarehe kumi na sita, kulikuwa kukavu na jua kali tangu saa mbili. Kiranja alikuja bila dereva. Safari hii alifuta miguu pasipo kuambiwa, ingawa haikuwa na tope.

"Shikamoo, mzee."

Ratili alikuwa anachekecha unga. Hakuitikia. Binti aliinuka kwenye meza ya nyuma, akaenda kusimama karibu na oveni, amekunja mikono.

"Nilibanwa," Kiranja alisema. "Uliona mwenyewe. Wakwe wamekodoa macho, mtoto wangu analia. Neno lilinitoka. Ulikuwa utani, mzee, watu wa bweni wanajua utani."

"Mkweo hukumwambia."

"Ningemwambiaje? Nimwambie, 'Baba mkwe wako kajaza povu'? Nilijua atakata popote, watu watapiga makofi, mambo yatapita." Alitia mkono kwenye koti, akatoa bahasha nyeupe. "Lakini sikulala. Nimeandika yote. Magunia, ua wa shule, ufunguo, kila kitu, na nimetia sahihi. Hii ni yako. Nimelipa deni, mzee wangu." Alisita. "Ila ukae nayo kwanza. Desemba naacha ukurugenzi. Baada ya hapo msomee yeyote umtakaye."

"Mwalimu Mkuu ana miaka themanini na minane," Ratili alisema.

"Mungu atampa umri."

"Loo!" binti alisema kule kwenye oveni. "Na Mungu naye apangiwe ratiba."

Ratili aliipokea bahasha, akaiweka kwenye sahani ya mizani. Hakufanya hivyo kwa dharau. Ndivyo alivyopokea kila kitu kilichoingia dukani mwake. Kwenye sahani ya pili aliweka jiwe la gramu kumi, kisha la gramu mbili. Mshale ukatulia katikati.

"Gramu kumi na mbili," alisema. "Magunia yalikuwa mawili, ya kilo hamsini hamsini."

"Mzee wangu..."

"Nisikilize. Povu nililifunika mimi. Mguu uliosimama mlangoni ni wangu. Hayo ni yangu, sikupi, wala sitamsingizia mtu. Lakini deni lako lilikuwa la meza nne na sikio moja, na kipaza sauti ulikuwa nacho mkononi mara mbili. Mara ya kwanza ulikaa kimya. Mara ya pili uliniibia tena." Aliyatoa yale mawe, akayarudisha kwenye kisanduku chake, kila jiwe kwenye tundu lake. "Sasa unaleta malipo jikoni, mlango umefungwa, na unaniomba nikufichie. Nilishakufichia. Tazama nilichopata."

Akaiinua bahasha kwa ncha mbili za vidole, kama mtu anayeondoa nywele kwenye unga, akamnyooshea.

"Deni hili sikusamehe," alisema, "na malipo haya siyapokei."

 Kiranja alipoona mkono ule hautashuka, aliichukua bahasha, akairudisha mfukoni, akatoka. Ratili akaifuta sahani ya mizani, akaweka yai la kwanza.